MKE ALIYETOKA NG'AMBO YA MTO AOMBE URAIA MUMEWE ANGALI HAI

Ndugu wasomaji, sisi wa Karagwe na Kyerwa tunapakana na nchi mbili. Upande wa magharibi, ng'ambo ya Mto Kagera, ni Rwanda. Upande wa kaskazini ni Uganda. Ukivuka daraja pale Murongo, umeingia Kikagati. Lugha zetu zinasikilizana. Mnyambo na Mnyankole huongea bila mkalimani. Tunauziana ndizi, maharage na ng'ombe. Na tunaoana.

Kuoana si jambo jipya. Babu zetu walioana hivyo kabla mipaka haijachorwa. Lakini siku hizi kila nchi ina sheria zake, na sheria haimwulizi mtu anaongea lugha gani. Inamwuliza: wewe ni raia wa wapi? Una hati gani ya kukaa hapa?

Katika vijiji vyetu wapo akina mama waliotoka Uganda, Rwanda au Burundi. Wameolewa hapa, wamezaa hapa, wanalima hapa. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walishapewa jembe miaka mingi iliyopita. Lakini wengi wao hawana hati yo yote.

Leo tutaeleza mama wa namna hii afanye nini ili akae kwa haki. Tutaeleza pia kwa nini asingoje.

NDOA PEKE YAKE SI URAIA

Watu wengi husema, "Akishaolewa na Mtanzania, basi, naye ni Mtanzania." Wengine husema, "Mahari ilitolewa, wazee walishuhudia, uraia gani tena unatakiwa?"

Maneno hayo si kweli. Ndoa inamfanya awe mke wa Mtanzania. Haimfanyi awe Mtanzania. Hata akikaa miaka 30 na kuzaa watoto 8, yeye bado ni raia wa nchi alikotoka, mpaka aombe uraia na kupewa.

Kumbe basi ndoa inampa nini? Inampa haki ya kuomba uraia kwa njia fupi kuliko wageni wengine. Haki hiyo imeandikwa katika Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995. Sheria inasema kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania anaweza kuomba uraia wakati wo wote mumewe akiwa hai.

Tunaomba msomaji arudie maneno hayo matatu ya mwisho: mumewe akiwa hai.

KWA NINI ASINGOJE

Mara nyingi mazungumzo ya nyumbani huwa hivi. Mama anasema, "Baba watoto, twende kwa watu wa Uhamiaji tukaulize habari ya uraia wangu." Baba anajibu, "Haraka ya nini, mama? Nani atakufukuza nami nipo?"

Baba anasema hivyo kwa upendo. Lakini swali ni hili: je, siku asipokuwapo?

Mume akifa kabla mke hajaomba, ile njia fupi imefungwa. Wakiachana pia, yeye si mke wa Mtanzania tena. Hapo mama anabaki kama mgeni mwingine ye yote. Itambidi afuate njia ndefu ya wageni wote, ambayo tutaieleza mbele. Na mama ambaye hakuwa na kibali miaka yote hiyo, njia hiyo ni ngumu kwake.

Tufikirie shamba pia. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema kuwa mtu asiye raia hawezi kupewa haki ya kumiliki ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Hati ya kimila ya ardhi ya kijiji nayo ni ya wananchi. Sasa mume akifariki, na ndugu wakaanza kugombea migomba na kahawa, mjane ambaye si raia atasimama wapi? Mwenye nia mbaya atakuwa wa kwanza kusema, "Huyu si wa hapa, arudi kwao." Mjane mwenye cheti cha uraia hawezi kuambiwa neno hilo.

Akishapewa uraia, uraia ni wake mwenyewe. Mume akifa baadaye, uraia hauendi naye kaburini.

TUKUMBUKE MWAKA 2013

Wengi wetu tunaukumbuka mwaka 2013. Mwezi wa Julai, Serikali iliwaambia wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya mpakani waondoke. Siku ya mwisho iliwekwa kuwa tarehe 11 Agosti. Mwezi wa Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita.

Maelfu ya watu waliondoka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Kati yao walikuwamo watu waliokaa hapa miaka mingi. Ziko familia zilizotengana. Mke alivuka mto, mume akabaki na watoto. Wengine waliondolewa kwa sababu hawakuwa na karatasi ya kuonyesha wao ni nani.

Hatuyasemi haya ili kutonesha kidonda. Tunayasema kwa kuwa siku ya ukaguzi hakuna nafasi ya kuanza kutafuta cheti cha ndoa. Hati hutafutwa wakati wa utulivu.

HATUA YA KWANZA: CHETI CHA NDOA

Watu wa Uhamiaji hawawezi kujua kuwa ninyi ni mke na mume kwa kuwatazama tu. Wanataka cheti.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za namna nyingi: ya Kikristo, ya Kiislamu, ya serikali na ya kimila. Zote ni ndoa. Lakini kila moja yapaswa kuandikishwa. Ndoa ya kanisani au msikitini huwa na cheti chake. Shida kubwa iko kwenye ndoa ya kimila. Mahari hutolewa, pombe hunywewa, wazee hubariki, kisha hakuna anayekwenda kuandikisha.

Kama ndoa yenu ni ya namna hiyo, nendeni kwanza kwa afisa mtendaji wa kijiji. Mwelezeni. Kisha nendeni kwenye ofisi ya usajili ya wilaya, inayofanya kazi za RITA. Huko mtaambiwa namna ya kuiandikisha. Chukueni wazee walioshuhudia, wangali hai na wanakumbuka.

Wapo pia wanaoishi pamoja bila ndoa yo yote. Ni kweli kwamba sheria hiyo hiyo inasema watu waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, na majirani wakawahesabu kuwa mke na mume, hudhaniwa kuwa wameoana. Lakini jambo hilo likibishaniwa, huamuliwa mahakamani. Msilitegemee mbele ya afisa wa Uhamiaji. Fungeni ndoa, mpate cheti.

HATUA YA PILI: KIBALI CHA KUKAA

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki akija kutembea hupewa pasi mpakani. Kwa kanuni za Soko la Pamoja, lililoanza Julai 2010, pasi hiyo inaweza kufika miezi 6. Hiyo ni pasi ya kusalimia ndugu. Si ruhusa ya kuhamia. Siku zikiisha, mwenye pasi huwa amekaa bila haki, hata kama anakaa kwa mumewe.

Kwa hiyo mke wa Mtanzania anatakiwa kuwa na kibali cha kukaa wakati anaposubiri uraia. Ipo pasi ya mtegemezi. Mtegemezi maana yake ni mtu anayetunzwa na mwingine, kama vile mke au mtoto. Mume Mtanzania ndiye anayesimama kumwombea mkewe pasi hiyo. Anakuwa kama mdhamini wake. Pasi hii ina mwisho, na ikifika mwisho lazima ihuishwe. Tena haimpi ruhusa ya kuajiriwa.

Ndugu zetu walioko ng'ambo husimulia habari za Marekani. Huko raia humwombea mkewe au mumewe kadi ya kukaa moja kwa moja. Hapa kwetu vibali vya kawaida ni vya muda. Anayetaka kukaa maisha yake yote bila kuhuisha karatasi, njia yake ni uraia.

HATUA YA TATU: KUOMBA URAIA

Uraia anaopewa mgeni aliyeomba huitwa uraia wa tajnisi. Neno tajnisi lisiwatishe. Maana yake ni kuandikishwa kuwa raia.

Maombi huanzia ofisi ya Uhamiaji ya wilaya. Watu wa Karagwe wana ofisi yao, na watu wa Kyerwa wana yao, kwa kuwa Kyerwa ni wilaya kamili tangu mwaka 2012. Msiende kwa mtu wa pembeni anayejiita wakala.

Nendeni mke na mume pamoja. Mchukue vitu hivi:

1. Cheti cha ndoa.
2. Hati za mume zinazoonyesha kuwa ni raia, kama vile cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa.
3. Hati za mke za nchi alikotoka, kama vile pasipoti, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa.
4. Pasi au kibali chake cha kukaa.
5. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kama mnao.
6. Barua ya serikali ya kijiji inayosema mnakaa wapi.
7. Picha za mke.

Afisa atawaambia kama kuna kitu kingine, atawapa fomu, na atawatajia ada. Ulizeni ada hapo hapo ofisini. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba maalumu ya malipo, benki au kwa simu. Hayatiwi mkononi mwa mtu. Mkilipa, pateni stakabadhi na kuitunza.

Baada ya hapo maombi hupita wilayani na mkoani, kisha hufika makao makuu ya Uhamiaji na kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Waziri ndiye mwenye kuamua. Si kazi ya siku moja. Tunzeni nakala ya kila karatasi, na mwandike tarehe mliyoipeleka.

URAIA WA NCHI MBILI HAURUHUSIWI

Hapa pana jambo la kufikiri vizuri kabla ya kutia sahihi. Uganda na Rwanda huruhusu mtu kuwa na uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Mama akikubaliwa hapa, anatakiwa kuukana uraia wake wa zamani na kula kiapo cha utii kwa Tanzania.

Kuukana uraia si kuwakana wazazi. Ataendelea kwenda kuwazika na kuwasalimia ndugu zake. Ila atakwenda kama Mtanzania, kwa hati ya kusafiria ya Tanzania. Mume asimlazimishe mkewe. Wakae, wazungumze, mama aamue mwenyewe.

MUME ALIYETOKA NJE JE?

Wapo mabinti wetu walioolewa na wanaume kutoka Uganda au Rwanda, na wanaume hao wakahamia huku. Je, nao wana njia fupi?

Hapana. Sheria imetaja mwanamke aliyeolewa na raia. Haikumtaja mwanamume aliyeoa raia. Mume mgeni anafuata njia ya wageni wote. Njia hiyo inadai haya: awe amekaa Tanzania miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe amekaa hapa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Awe ameleta faida katika nchi, na awe na nia ya kukaa hapa daima.

Wengine husema kwamba si haki mke na mume kupimwa kwa vipimo viwili. Hilo ni jambo la kuwaeleza wabunge wetu. Lakini leo sheria ndiyo hiyo. Mume mgeni ahakikishe ana kibali halali tangu mwanzo, na asiache pengo. Miaka aliyokaa akijificha haitamsaidia.

Naye binti wa Kitanzania aliyeolewa na mgeni asiogope. Kuolewa tu hakumwondolei uraia wake. Ataupoteza kama yeye mwenyewe ataomba na kupokea uraia wa nchi nyingine.

NA WATOTO?

Hapa kuna habari njema. Mtoto akiwa na mzazi mmoja Mtanzania, baba au mama, naye ni Mtanzania. Akizaliwa hapa ni raia wa kuzaliwa. Akizaliwa ng'ambo, kwa mfano mama alikwenda kujifungulia kwao, ni raia kwa kurithi. Hahitaji kuomba tajnisi.

Lakini lazima ionekane kwamba mzazi wake ni nani. Kwa hiyo mwandikisheni mtoto mapema na mpate cheti cha kuzaliwa chenye majina ya baba na mama. Mkikosa kumwandikisha, miaka 18 baadaye kijana ataulizwa maswali mengi akitafuta kitambulisho, na mashahidi huenda wamekwisha kufa.

Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili anatakiwa kuchagua mmoja anapofika utu uzima.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Kwanza, mgeni asichukue kitambulisho cha Taifa kama raia, wala kadi ya mpiga kura. Wapo wanaosema, "Mwenyekiti ananijua, ataniandika tu." Hilo ni kosa la jinai. Siku likigunduliwa, mama atashitakiwa kwa uongo, na maombi yake ya kweli yataharibika. Aliyemwandika naye atakuwa mashakani.

Pili, msiseme uongo katika fomu. Msiandike kwamba mama alizaliwa Nkwenda kumbe alizaliwa Mbarara. Uraia uliopatikana kwa uongo unaweza kufutwa hata baada ya miaka mingi. Kuzaliwa Mbarara si kosa. Kosa ni kudanganya.

Tatu, msimpe fedha mtu asiye na ofisi. Matapeli wanajua hofu yenu.

Nne, viongozi wa vijiji wasitumie jambo hili kuwatisha akina mama. Anayepaswa kuchunguza uraia ni Idara ya Uhamiaji.

KAMA ALIINGIA BILA HATI

Tunajua hapa ndipo penye hofu. Mama aliletwa usiku kwa mtumbwi, akiwa msichana. Leo ana wajukuu. Anajiuliza, "Nikienda Uhamiaji, si ndiyo nitakuwa nimejipeleka mwenyewe?"

Hatutamdanganya. Kuingia na kukaa bila hati ni kosa, na afisa ana haki ya kumhoji. Lakini kujificha hakuondoi kosa. Kunaliongeza kila siku. Tena mume anapozeeka, ile njia fupi inazidi kukaribia kufungwa.

Asiende peke yake. Aanze kwa kumwona msaidizi wa kisheria. Hao ni watu waliofundishwa sheria na kuandikishwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao kwa watu wasio na uwezo ni ya bure. Mwulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata au wa wilaya, atawaonyesha waliko. Wakishashauriana, mama aende Uhamiaji akiwa na mume, cheti cha ndoa na barua ya kijiji.

Kama mume amekwisha kufa, mama asikate tamaa wala asikimbie. Amwone msaidizi wa kisheria haraka, achukue vyeti vya watoto wake, cheti cha ndoa na cheti cha kifo. Haki ya mke haipo tena, lakini watoto wake ni raia, na kibali cha kukaa bado kinaweza kuombwa.

Wapo pia mabinti wa walowezi, yaani watu ambao wazazi wao waliingia nchini zamani na hawakupata hati. Mwaka 1980 Serikali ilifungua njia ya uraia kwa wakimbizi wengi wa Rwanda waliokuwa nchini, lakini si kila mtu aliandikwa. Binti wa namna hiyo akiwa ameolewa na raia, naye ana haki ile ile ya mke. Asidhani kwamba kwa kuwa amezaliwa hapa, basi mambo yamekwisha. Akaulize.

TUFANYE NINI WIKI HII

Ndugu wasomaji, kazi ya kuanza nayo ni ndogo. Jioni moja, baada ya chakula, mke na mume wafungue sanduku na kutazama karatasi zao. Cheti cha ndoa kipo? Vyeti vya watoto vipo? Pasi ya mama imeisha lini? Kinachokosekana waandike. Siku ya kwenda kuuza kahawa au maharage mjini, wapite ofisini na kuuliza.

Na wewe uliyejifunza kusoma, msomee jirani ambaye bado hajajua. Huenda ni yeye anayehitaji habari hii kuliko wote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtu akiolewa na Mtanzania, je, amekuwa raia siku hiyo hiyo? Elezeni.
2. Kwa nini mama aombe uraia wakati mumewe angali hai?
3. Katika kijiji chenu, ndoa za kimila huandikishwa? Kama sivyo, nini kinazuia?
4. Mume aliyetoka Uganda na mke aliyetoka Uganda wanatofautianaje mbele ya Sheria ya Uraia?
5. Mjane asiye na hati akija kwenu leo kuomba shauri, mtampeleka kwa nani kwanza?